Programu ya kukumbusha mapumziko: jinsi ya kuiweka usije ukaizima baada ya siku mbili

Mtu anayeshinda kwenye kompyuta huwa hahisi mkono ukichoka. Hakuna jasho wala mzigo. Vidole vinabonyeza, kipanya kinasogea sentimita chache, basi. Lakini misuli ya kigasha, bega na shingo imekazwa muda wote huo ili kuushikilia mkono juu ya kibodi, na msuli unaokazwa bila kulegezwa hupitisha damu kidogo kuliko inavyohitaji, hata ukikazwa kidogo tu. Kano nazo zinateleza ndani ya ala zake maelfu ya mara kwa siku. Ganzi au maumivu yanapoanza kusikika, mwili umeshavumilia kwa miezi. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kwa herufi RSI: madhara ya misuli, kano na neva yanayoletwa na mwendo uleule kurudiwarudiwa, au mkao uleule kudumu mno.

Programu ya kukumbusha mapumziko haiponyi chochote. Kazi yake ni kumtoa kazini kwa muda mtu aliyezama, kwa sababu aliyezama hajikumbuki: "namalizia aya hii" huwa saa mbili. Na mapumziko mafupi hayali kazi kama watu wanavyohofia. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, iliwafuatilia waingiza takwimu waliokuwa na mapumziko mawili ya dakika 15 kwa siku, kisha ikawaongezea dakika 5 katika kila saa isiyokuwa na pumziko, jumla dakika 20 za ziada. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kiasi cha kazi hakikushuka.

Programu hizi hazishindwi kwa kukosa ubora. Zinashindwa kwa sababu mtu anaziweka kwa ukali siku ya kwanza, zinamkera, anazoea kubofya kitufe cha kuruka bila hata kusoma kilichoandikwa, kisha siku ya tatu anaziondoa. Programu laini unayoitii ni bora kuliko kali unayoikwepa. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Rekebisha meza kwanza

Hii ifanye haraka, lakini usiiruke. Ukipumzika kila dakika kumi kisha ukarudi kwenye mkao mbovu, umegawa mateso vipande vipande tu.

Kiwiko kikunjwe kama nyuzi 90 hadi 100, mabega yakiwa yameshuka. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kisipinde juu wala pembeni. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vikunje, kwa maana kuinua nyuma ya kibodi kunakilazimisha kifundo kipinde kuelekea juu. Kipanya kikae karibu kabisa na kibodi, kwa usawa uleule. Kikiwa mbali, bega ndilo linalolipa. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, umbali wa kama urefu wa mkono. Kwa kompyuta ya mapajani hutapata skrini na kibodi vikae sawa kwa pamoja, kwa hiyo iinue kwa vitabu na utumie kibodi na kipanya vya nje.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa jinsi inavyohesabu muda

Rangi na picha za mazoezi si za msingi. Swali la kuuliza ni hili: inahesabu saa ya ukutani au inahesabu kazi ya mikono?

Inayohesabu saa ya ukutani itakukatiza kila baada ya dakika fulani hata kama umetoka tu kwenye simu ya dakika saba mikono ikiwa mapajani. Ikifanya hivyo mara tatu, umeshaanza kuidharau. Inayohesabu kazi hutazama kibodi na kipanya: ukiacha kuvigusa, kipima muda kinasimama, na ukiviacha muda wa kutosha, inakuhesabia kwamba umepumzika na kuanza upya. Chagua ya aina hii ikiwezekana.

Workrave ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux na Windows, na ndiyo iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya RSI. Inahesabu kazi ya mikono, ina mapumziko madogo, mapumziko makubwa na kikomo cha siku, na inatunza takwimu. Sura yake ni ya kizamani, lakini kwa mtu ambaye tayari ana maumivu hii ndiyo ya kwanza kujaribu.

Stretchly nayo ni ya bure, kwa Windows, macOS na Linux. Ni nyepesi kuielewa na ina sura ya kupendeza. Huhesabu kwa saa, ila ina uwezo wa kutambua mapumziko ya asili: usipogusa kompyuta kwa dakika 5, inaanza hesabu upya. Anayetaka kinga tu, bila maumivu bado, atatosheka nayo.

Safe Eyes ni ya Linux na inalenga zaidi macho. Kwenye macOS ipo pia Time Out. Wanaotumia GNOME (mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux) toleo la 48 au la baadaye wana vikumbusho vya macho na vya kusimama ndani ya mipangilio ya mfumo wenyewe, hawana haja ya kusakinisha kitu ili kuanza.

Usisakinishe mbili kwa pamoja. Zitagongana, na mkono utajifunza kufunga kila dirisha linalotokea.

Hatua ya 3: Sakinisha, na uhakikishe inawaka yenyewe

Kwenye Linux ya Debian na Ubuntu, fungua dirisha la amri uandike:

sudo apt install workrave

Kwenye Fedora:

sudo dnf install workrave

Kwa Windows, pakua kisakinishi kutoka tovuti rasmi ya Workrave. Stretchly hupatikana kwenye ukurasa wake rasmi. Mwenye Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine kwa amri) kwenye macOS anaweza kuandika:

brew install --cask stretchly

Kwenye macOS mfumo unaweza kukataa kuifungua mara ya kwanza, kwa kuwa haina saini ya msanidi inayotambuliwa na Apple. Iruhusu kwenye mipangilio ya faragha na usalama, mradi umeipakua mahali rasmi.

Sasa zima kompyuta na uiwashe tena, utazame kama aikoni ya programu imetokea karibu na saa. Kuna watu wanaokaa wiki mbili wakidhani wameizoea programu, kumbe haijawahi kuwaka tangu siku waliyoisakinisha. Kama haikuwaka, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha weka njia ya mkato ya programu ndani ya folda itakayofunguka. Kwenye macOS iongeze kwenye orodha ya vinavyofunguka mtumiaji anapoingia. Kwenye Linux weka faili yake ya .desktop ndani ya ~/.config/autostart.

Hatua ya 4: Weka namba

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaziacha namba zilizokuja na programu.

Workrave huja ikiwa imepangwa hivi: pumziko dogo la sekunde 30 kila baada ya dakika 3 za kazi, pumziko kubwa la dakika 10 kila baada ya dakika 45, na kikomo cha saa 4 kwa siku. Fanya hesabu. Dakika 3 za kazi na nusu dakika ya kupumzika ni mzunguko wa dakika tatu na nusu. Kwa saa moja ni kama mara 17, yaani takriban dakika 8 na nusu za mapumziko madogo peke yake. Kwa mwenye kano zinazouma, hiyo ni dawa inayofaa. Kwa mtu mzima wa afya anayeandika ripoti, ni kero itakayomfanya aiondoe kabla ya jua kuzama.

Ila kuna jambo linalopunguza ukali huo. Ukisimama mwenyewe kufikiri kwa sekunde 30 bila kugusa kitu, Workrave inahesabu kwamba umepumzika na hutaona dirisha lolote. Kwa hiyo anayeandika kwa mafungu, anayefikiri kisha kuandika, ataliona dirisha mara chache sana kuliko mara 17. Anayenakili data mfululizo ataliona karibu kila mara, na ndiye hasa anayelihitaji.

Stretchly huja na sekunde 20 kila dakika 10, na dakika 5 kila nusu saa. Hiyo ni laini kwa mapumziko madogo, kwani hayazidi dakika 2 kwa saa, lakini dakika 5 kila nusu saa ni nyingi kwa wengi, na hilo ndilo pumziko linalorukwa zaidi.

Anza namna hii:

- Wiki ya kwanza, kama huna maumivu: sekunde 15 kila dakika 15, na dakika 3 kila saa moja. Ni kidogo kiasi kwamba utaona aibu kuruka.
- Kuanzia wiki ya pili: sekunde 20 kila dakika 10, na dakika 5 kila dakika 50.
- Kama tayari mkono unauma au unakufa ganzi: usipitie hizo ngazi. Anza na sekunde 30 kila dakika 5, na dakika 10 kila dakika 45. Maumivu yasipopungua, shusha hadi kila dakika 3.

Mantiki ya kupendelea mafupi ya mara kwa mara ni rahisi. Uchovu wa msuli haupandi kwa mstari ulionyooka. Unavyochelewa kupumzika ndivyo unavyohitaji muda mrefu zaidi kurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana mamlaka ya Uingereza ya afya na usalama kazini, HSE, inashauri dakika 5 hadi 10 kila saa badala ya dakika 20 kila saa mbili, ingawa jumla yake inakaribiana.

Kwenye Workrave namba hizi zinabadilishwa kwa kubofya aikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kufungua Preferences, kisha sehemu ya Timers. Kila aina ya pumziko ina ukurasa wake: muda kati ya mapumziko, urefu wa pumziko, na muda wa kuahirisha.

Kikomo cha siku kinaogofya watu bure. Saa 4 za Workrave si saa 4 za kukaa kitini, ni saa 4 za mikono ikiwa kazini kweli. Mikutano, kusoma karatasi na kupiga soga havihesabiwi. Acha kikomo kiwe kimewashwa kwa wiki nzima bila kukibadilisha uone unafikia ngapi. Ukikuta ni saa 6, kipandishe hadi hapo, kisha kipunguze nusu saa kila wiki. Kukishusha ghafla hadi 4 ni kukaribisha kitufe cha kuahirisha.

Hatua ya 5: Amua mapema kuhusu kuruka na kuahirisha

Kuna vitufe viwili vinavyoonekana kama ndugu lakini tabia zao ni tofauti kabisa. Kuahirisha ni ahadi: pumziko litarudi baada ya dakika chache. Kuruka ni kulifuta. Ondoa cha kuruka, bakiza cha kuahirisha. Kwenye Workrave, vitufe hivi vinaweza kufichwa kwa kila aina ya pumziko peke yake; ficha cha kuruka kwenye mapumziko makubwa kwanza, madogo yaache huru mpaka uzoee. Kwenye Stretchly unaweza kuahirisha mara moja tu, dakika 2 kwa pumziko dogo na dakika 5 kwa kubwa, na baada ya sehemu ya mwanzo ya pumziko kupita, linabaki la kuruka. Ukiwasha hali ya ukali hata hilo linaondoka.

Je, skrini izibwe kabisa? Kwa pumziko dogo, hapana. Kidirisha kidogo kinatosha, na kuzibiwa skrini nzima katikati ya sentensi kunamjengea mtu hasira. Kwa pumziko kubwa, ndiyo, ziba, kwa sababu dakika 5 zikiwa na skrini wazi mbele yako zitakwisha ukisoma barua pepe. Mwenye kazi ya dharura, kama anayesimamia seva au anayepokea simu za wagonjwa, asizibe kamwe. Kwake onyo linatosha.

Washa pia onyo la kabla. Stretchly hutoa taarifa sekunde 10 kabla ya pumziko dogo na sekunde 30 kabla ya kubwa. Muda huo unatosha kumaliza neno na kuhifadhi faili. Bila onyo, herufi unazoandika zinaingia kwenye dirisha la pumziko na kupotea, na kama ulikuwa katikati ya nenosiri utalazimika kulianza upya.

Hatua ya 6: Pumziko lenyewe

Kosa kubwa kuliko yote linatokea hapa, nalo ni simu. Kompyuta inasema pumzika, mtu anainua simu na kuanza kusogeza kwa kidole gumba kwa dakika 5. Kano za gumba hazijui kama ni simu au ni kibodi. Kifundo kimepinda, shingo imeinama, macho yako sentimita 30 kutoka kwenye kioo. Hilo si pumziko, ni kuhamisha kazi. Iache simu mezani.

Kwa pumziko dogo: ondoa mikono kwenye kibodi na uilaze mapajani, viganja vikitazama juu. Shusha mabega, utashangaa yalivyokuwa yamepanda. Tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi au zaidi, dirishani au mwisho wa ukumbi, na upepese macho polepole mara kumi, kope zikutane kabisa. Anayekodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na hiyo ni sababu moja ya macho kukauka jioni. Ukikumbuka kanuni ya 20-20-20 ya madaktari wa macho, ni hiyo hiyo: kila dakika 20, sekunde 20, futi 20, ambazo ni kama mita 6.

Usijinyooshe kwa nguvu ndani ya sekunde 20. Msuli uliopoa ukivutwa kwa haraka unajikaza zaidi.

Kwa pumziko kubwa, simama kwanza. Tembea walau hatua kadhaa. Damu ikishatembea ndipo mazoezi yana maana. Zungusha mabega nyuma mara 5. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kisha kwa mkono wa pili uvute vidole taratibu vishuke chini na kuelekea kwako mpaka uhisi mvuto kwenye upande wa juu wa kigasha. Shikilia sekunde 15. Geuza kiganja juu, rudia hivyo hivyo kwa upande wa ndani wa kigasha. Halafu telezesha kano za vidole: vidole vinyooke, vikunjwe kama ndoana, vifumbwe ngumi kamili, vikunjwe kwenye fundo la chini tu vikiwa vimenyooka kama meza, mwisho vifumbwe ngumi bapa ncha zikigusa kiganja. Mara 5 kila mkono, bila kukimbia. Mvuto unaruhusiwa. Maumivu makali, ganzi au kuchomachoma kama sindano ni ishara ya kuacha zoezi hilo, si ya kulizidisha.

Workrave yenyewe huonyesha mazoezi yenye picha kwenye pumziko kubwa. Yanasaidia mwanzoni, ukishayajua, zima, uondoke kitini.

Hatua ya 7: Mikutano, video na kusoma

Programu inayohesabu kazi ya mikono ina udhaifu mmoja: ukisoma waraka mrefu au ukitazama video, haioni mguso wowote na inadhani umepumzika. Mikono kweli imepumzika, lakini shingo na macho hapana. Workrave ina hali ya kusoma kwa ajili hiyo, ambayo huendelea kuhesabu hata usipogusa kitu. Iwashe unapoanza kusoma na uizime unapomaliza.

Wakati wa mkutano au uwasilishaji, tumia hali ya utulivu, ambayo huendelea kuhesabu lakini haikuletei madirisha, badala ya kuisimamisha kabisa. Tofauti yake ni kwamba ukirejea hali ya kawaida, hesabu inajua umekaa muda gani. Kwenye Stretchly hakuna haja ya kusimamisha bila kikomo. Kuna machaguo ya nusu saa, saa moja, saa mbili na kuendelea. Chagua lenye muda. Programu iliyosimamishwa "kwa sasa tu" Jumatatu hukutwa bado imesimama Ijumaa.

Hatua ya 8: Baada ya siku saba, soma takwimu

Fungua takwimu za Workrave na utazame mistari hii: mapumziko yaliyoitishwa, yaliyochukuliwa, yaliyotokea yenyewe, yaliyorukwa na yaliyoahirishwa. Ukiona yaliyorukwa ni zaidi ya moja katika kila matano, tatizo ni namba zako, si nidhamu yako. Ongeza muda kati ya mapumziko kwa dakika 5, au punguza urefu, uangalie tena wiki ijayo. Ukiona karibu yote yanatokea yenyewe, una bahati. Unaweza kubana kidogo.

Kuna pia idadi ya vibonyezo vya kibodi, mibofyo ya kipanya na muda wa kukisogeza. Kipanya kikiwa kimechukua sehemu kubwa ya siku, faida kubwa zaidi utaipata kwa kujifunza njia za mkato za kibodi kwa vitendo vitano unavyovirudia sana, au kwa kuhamishia kipanya mkono wa pili kwa nusu siku. Mkono huo utakuwa mzito kwa siku kadhaa, usikate tamaa.

Yanayoharibika, na chanzo chake

*Linux: kipima muda hakisogei, au hakisimami hata ukiacha kazi.* Mara nyingi ni Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha, ambao kwa sababu za usalama haiziruhusu programu kutazama kibodi na kipanya vya madirisha mengine. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye dirisha la amri. Jibu likiwa wayland, kwanza sasisha programu hadi toleo jipya kabisa. Ikishindikana, kwenye ukurasa wa kuingia chagua kikao cha X11, yaani mfumo wa zamani wa madirisha, kama kompyuta yako bado inacho. Baadhi ya mifumo mipya imekiondoa, na hapo tumia vikumbusho vya GNOME vyenyewe.

*Aikoni haionekani kwenye GNOME.* GNOME haionyeshi aikoni za pembeni bila kiendelezi cha AppIndicator. Programu yenyewe huenda inaendelea vizuri.

*Una skrini mbili na pumziko linatokea kwenye moja.* Tafuta chaguo la kuonyesha kwenye skrini zote. Lisipowashwa, jicho linahamia tu kwenye skrini iliyo wazi.

*Unafanya kazi kwenye kompyuta mbili.* Kila moja inahesabu ya kwake, na hakuna inayojua kwamba mikono ni ileile. Gawa kikomo cha siku kati yao, mathalani saa 2 na nusu kwenye moja na saa 1 na nusu kwenye nyingine.

*Pumziko halimaliziki.* Kwenye Workrave ukigusa kipanya wakati wa pumziko, hesabu inasimama na kukusubiri. Imeundwa hivyo makusudi.

Kama huruhusiwi kusakinisha kitu

Kwenye kompyuta za kazini hili ni la kawaida. Kwenye Linux, amri hii moja inaleta kikumbusho kila dakika 20, mradi dirisha la amri liko wazi:

while sleep 1200; do notify-send "Pumzika" "Mikono chini, tazama mbali"; done

Kwenye macOS:

while sleep 1200; do osascript -e 'display notification "Mikono chini, tazama mbali" with title "Pumzika"'; done

Hizi ni za saa ya ukutani na zinapuuzika kirahisi, lakini ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu. Pasipo hata hiyo, tumia kipima muda cha jikoni cha dakika 25 na ukiweke mahali ambapo lazima usimame ili kukizima. Huo umbali ndio pumziko.

Dalili ambazo programu haizimudu

Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa ikikuamsha usiku, inaelekeza kwenye neva inayobanwa katika kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete huelekeza kwenye neva nyingine, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko; angalia kama unakiegemeza kiwiko mezani. Maumivu kwenye mzizi wa gumba ukifumba ngumi na kukunja kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho ni ya kano za gumba. Vikombe kukuponyoka, nyama iliyo chini ya gumba kuanza kubonyea, uvimbe, au maumivu yanayoendelea wiki mbili baada ya kupunguza kazi: nenda kwa daktari, na usisubiri umalize mradi.

Ukienda, chukua takwimu za wiki mbili au tatu za Workrave. Swali la kwanza litakuwa unatumia kompyuta saa ngapi kwa siku, na wengi hutaja saa walizokaa ofisini. Takwimu zitaonyesha saa ambazo mikono ilikuwa kazini, mgawanyo wa kibodi na kipanya, na siku ambazo mapumziko yalirukwa.